Miguu Inafika?

Baiskeli ya baba ilikuwa Phoenix nyeusi, magurudumu namba 28, yenye keria ya chuma kinene nyuma na kengele iliyosikika hadi kisimani. Aliinunua kwa fedha za pamba, na ikaifanyia pamba hiyohiyo kazi kila msimu, ikibeba viroba kutoka shambani hadi kwenye ghala la ushirika. Sisi watoto wa Maswa tulijifunzia baiskeli za kimo hicho, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeweza kukaa kitini, tuliendesha kwa kupenyeza: mguu wa kulia unapita chini ya bomba la juu hadi pedali ya pili, mwili unabaki nje upande wa kushoto, mkono mmoja umeshika usukani na kwapa la mkono wa pili limekumbatia kiti. Kwa mtindo huo nilipeleka mahindi mashineni, nikachota maji, na nikapata kovu nililonalo hadi leo kwenye muundi wa kulia, alama tatu zilizopangana sawasawa kama meno yaliyoziacha.

Jioni moja mwaka 1993, nikiwa na miaka 10, baba alinikuta nimepanda kitini kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeegemea shina la mwembe, vidole vya mguu vimenyooka kutafuta pedali. Akasimama.

"Miguu inafika?"

"Inafika, baba."

Haikuwa inafika. Pedali ikishuka ilikuwa inauacha mguu wangu hewani, nami nikiisubiri ipande tena ndipo niikanyage. Nadhani aliliona hilo. Alinitazama nikiuzunguka mwembe mara mbili, akaniambia nisivuke barabara kuu, akaingia ndani.

Naanzia huko kwa sababu ilinichukua miaka 32 kukalia baiskeli iliyonitosha. Katikati hapo nimeendesha nyingi: za kuazima, za kukodi kwa saa, moja ya milimani niliyoinunua chuoni ikiwa ndogo hata magoti yakawa yananigonga viwiko. Zote nilizizoea. Ukikua ukijipinda kuifuata baiskeli, unaamini kujipinda ndiyo kuendesha kwenyewe.

Hamu ya baiskeli ya resi ilinishika Julai 2024. Tarehe 1 ya mwezi huo, mjini Turin, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya tatu ya Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo tangu mbio zile zianze mwaka 1903. Akashinda nyingine mbili, na mbio zilipoishia Nice alikuwa amevaa jezi ya kijani ya bingwa wa pointi. Nilifuatilia kwa simu, mara nyingi usiku, marudio. Nilichokuwa nikitazama zaidi ya ushindi ni jinsi alivyokaa. Mgongo umelala, viwiko vimelegea, miguu inazunguka bila kuhangaika. Mwili na baiskeli vilikuwa vimekubaliana. Nilijua sijawahi kupata makubaliano ya namna hiyo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, naishi Tegeta, kaskazini mwa Dar es Salaam. Dukani, baiskeli mpya za resi nilizozikuta zilianzia bei ya juu ya milioni moja, na kwa mshahara wangu hiyo ni fedha ya ada na bati. Nikaingia kwenye upatu wa walimu wenzangu: watu 10, kila mmoja 40,000 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa ya mwisho, Juni 2025. Kwa hiyo nilikuwa na miezi 10 ya kungoja na shilingi 400,000 mwisho wake. Zamu ya mwisho watu wengi huikwepa. Mimi nasema ilinifaa kuliko zote, maana kama fedha ingenijia mwezi wa kwanza ningekwenda moja kwa moja kununua rangi.

Katika miezi hiyo nikawa mtu wa kukaa kwa fundi. Chini ya mwarobaini mmoja pale Tegeta Kwa Ndevu kuna mzee anayetengeneza baiskeli, ana benchi la mbao, beseni la maji la kutafutia pancha, na misumari kwenye mti anakotundika magurudumu ya watu. Nilianza kwa kumsalimia tu nikipita, kisha nikawa nakaa nusu saa kila Jumamosi. Siku niliyomweleza nia yangu na kiasi nitakachokuwa nacho, alikuwa anajaza grisi kwenye gololi za pedali. Hakuinua kichwa.

"Mwalimu, hela hiyo usiimalizie kwa muuzaji. Baiskeli ya mtumba unainunua mara mbili. Mara ya kwanza kwake, mara ya pili kwangu."

Akanipa na hesabu: usizidishe laki tatu kwenye kununua. Nilipouliza aina gani niitafute, alinijibu kwa swali, kimo changu kiasi gani. Sentimita 168, nikamwambia. Akasema basi natafuta fremu ya 52, na nikikuta ya dhahabu yenye 56 niiache palepale. Kiti, usukani, matairi, gia, vyote vinabadilishwa. Fremu haiongezwi wala haipunguzwi.

Jumamosi moja mwezi Juni nilimlipia nauli tukaenda wote Ilala, kwenye ua mmoja unaoshusha makontena ya mitumba ya Japani. Ukiingia pale unaona baiskeli zimelaliana mia kwa mia, usukani wa hii umeingia kwenye spoki za ile, na vijana wawili kazi yao ni kuzichambua kama watu wanaochambua nyavu. Nyingi ni zile za vikapu mbele, za akina mama wa Japani. Za resi zilikuwa sita au saba, zimetundikwa pembeni.

Jicho langu lilikwenda kwa nyekundu. Alumini, nyepesi, maandishi meupe kila upande, gia zinabadilishiwa kwenye vishikio vya breki. Muuzaji akataja 350,000. Fundi aliniambia niipande miguu ikiwa chini, nami nikafanya hivyo, na bomba la juu likanigusa pasipotakiwa kugusa. Kisha akapitisha kidole gumba chini ya pale bomba la chini linapoungana na bomba la usukani, taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Akarudisha kidole. Akakwaruza kwa ukucha. Rangi ya mahali pale ilikuwa mpya kuliko kwingine. Ilibanduka ganda dogo, na chini yake ukatokea mstari mwembamba kama unywele, urefu wa punje mbili za mchele.

Hakumgombeza muuzaji. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba chuma kikichoka mara nyingi kinakupa taarifa, lakini alumini inaweza kunyamaza mpaka siku inapokatika. Sijui kama muuzaji alijua kuhusu ule ufa. Najua kuna mtu aliupaka rangi, na kwamba peke yangu ningelipa, ningepanda, na ningekwenda nayo kasi barabara kuu.

Ya pili ilikuwa ya buluu iliyofifia, vumbi limeganda, tepu ya usukani imeoza, matairi yana nyufa ubavuni. Fundi akatoa mfukoni kipande cha sumaku, cha spika mbovu ya redio, akakiweka kwenye bomba. Kikanata. Chuma. Kwenye fremu bado kulikuwa na stika ndogo ya usajili wa polisi wa Japani, maana kule kila baiskeli husajiliwa ikinunuliwa. Ilikuwa na gia 14, mbili mbele na saba nyuma, na vijiti vya kuzibadilishia viko chini kwenye bomba, si kwenye breki. Kwa wenye uwezo huo ni mtindo wa kizamani. Kwa fundi ulikuwa sababu ya kuichukua: kijiti kinavuta waya, waya unavuta mnyororo, hakuna kitu cha kufichika. Tukapima fremu kwa futi ya fundi cherehani, kutoka kwenye ekseli ya krenki za pedali hadi juu ya bomba la kiti. Ikatoka 52.

Hapo ndipo nami nilipochangia. Mkobani nilikuwa na rula yangu ya darasani, ile ya sentimita 30 ambayo ukingo wa pili una inchi 12. Nilikuwa nimesoma kwamba mnyororo wa baiskeli, popote ulipotengenezwa, una nusu inchi kamili kati ya pini na pini. Kwa hiyo pini ya kwanza ukiiweka kwenye sifuri, pini ya 25 lazima iangukie kwenye 12. Mnyororo ukilika kwenye viungo unarefuka. Ukizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, ubadilishe. Ukifika sehemu moja ya nane, na meno ya nyuma nayo yameshaharibika, yatakataa mnyororo mpya. Nikachutama, nikafuta grisi kwa kidole, nikaweka rula. Pini ya 25 ilikuwa imevuka mstari wa 12 kwa karibu milimita tatu. Nikamwonyesha fundi, naye akamwita muuzaji aje aone.

Muuzaji alikuwa ametaja 320,000. Alitazama rula, akatazama matairi, akageuza gurudumu la nyuma ambalo lilikuwa limepinda kidogo. Tukamalizana kwa 260,000. Nimeshiriki mabishano mengi ya bei maishani mwangu, na hilo ndilo pekee ambalo halikuwa na kiapo wala mzaha. Namba ilikuwa mezani, na wote watatu tulikuwa tunaisoma.

Zilibaki 140,000. Fundi nilimpa 20,000 kwa siku yake nzima, na bado naona nilimpunja. Mnyororo, meno ya nyuma, matairi mawili, tyubu tatu, raba za breki, nyaya, tepu ya usukani, helmeti, pampu: orodha ilikuja 199,000, na mkononi nilikuwa na 120,000. Nikaiondoa pampu, 20,000, nikisema itasubiri. Kwa vilivyobaki nilihitaji bado 59,000, kwa hiyo baiskeli ilikaa mwezi mzima sebuleni imeegemea ukuta, bila mnyororo, mpaka mshahara wa Julai. Watoto wangu wakawa wanaipita wakigusa breki. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, kama nitaweza kusimama nikiambiwa simama, na nikamwahidi kwamba raba za breki zitanunuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Zilinunuliwa kwanza.

Matairi yalinipa somo ambalo ningependa kila anayenunua baiskeli ya namna hii alijue. Nilikwenda Kariakoo, nikasema nataka namba 28, nikapewa 28. Nyumbani tairi likakaa kwenye rimu kama kiatu cha kaka mkubwa. Fundi akanionyesha maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni ambayo sikuwahi kuyasoma maishani: 40-635. Namba ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi linapokaa. Phoenix na ndugu zake wa keria ni 635. Resi ni 622. Zote mbili madukani huitwa 28, na tofauti yake ni milimita 13, ambazo zinatosha kabisa kukutupa barabarani. Duka lilikubali kunibadilishia nikiongeza fedha. Siku hizi nikisikia mtu anaulizia tairi kwa kutaja 28 tu, nasimama namweleza, hata kama simfahamu.

Usiku wa tarehe 2 Agosti nilipima mwili wangu. Kuna kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Unasimama pekupeku, mgongo ukutani, unapandisha kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka kikubane kama kiti kinavyobana, na mwenzako anaweka alama ya penseli ukutani. Unapima kutoka sakafuni, unazidisha kwa 0.883. Jibu ndilo umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti. Kwangu ilikuwa 79, ikaja 69.8. Nikalegeza nati ya kiti kwa alenki namba 5, nikakipandisha, nikapima, nikakishusha milimita mbili, nikakaza. Ile alama ya penseli mke wangu hajaifuta. Iko pembeni ya alama za vimo vya watoto.

Jumapili, saa 12 na nusu asubuhi, niliisukuma hadi barabara ya Bagamoyo nikapanda.

Mita 100 za kwanza niliogopa. Tairi la milimita 25 lililojazwa upepo wa kutosha linakuambia kila kokoto, na usukani ule uliojikunja kama pembe za kondoo dume unakwenda unakotazama kabla hujaamua kwenda. Nilibana viwiko, nikabana meno. Kisha magari yakatulia kidogo, nikaweka gia ya katikati, nikaanza kuhesabu mizunguko ya miguu, tabia ya mwalimu wa hisabati. Nilipofika kama 40 nikagundua kitu. Mguu ulikuwa unashuka hadi chini kabisa, goti likibaki na mkunjo mdogo, na pedali haikuniacha. Wala haikunisukuma nyonga. Ilishuka na mguu wangu, ikapanda na mguu wangu. Nikahesabu tena kutoka moja. Nilikuwa na miaka 42 na nilikuwa nazunguka barabarani macho yakiwa na machozi, na wala haukuwa upepo.

Boko, Bunju. Watu walikuwa wanavuka kwenda kanisani, na kila kituo cha daladala nilipunguza mwendo, mikono kwenye breki. Baada ya Bunju majengo yanapungua, barabara inateremkia Mto Mpiji, mpaka wa Dar es Salaam na Pwani, na katika mteremko ule nilisikia mnyororo mpya ukiwa hauna sauti yoyote, upepo tu masikioni. Mapinga nikaipita. Kerege nikafika mapema kuliko nilivyopanga, sijachoka, nikanywa dafu na kula maandazi mawili nimesimama, nikiitazama baiskeli iliyoegemea mnazi. Nilijiona nina nguvu ambazo sikuwa nikizijua. Nilifikiri hata kuendelea hadi Bagamoyo.

Nilipogeuka kurudi nikaelewa. Agosti ni mwezi wa kusi. Alfajiri unakuwa umelala, lakini jua likipanda unaamka, na barabara ile inaelekea kaskazini: nilikuwa nimesukumwa mgongoni muda wote nikidhani ni miguu yangu. Sasa ulikuwa usoni. Gia niliyokuja nayo haikuwezekana tena; nikashusha moja, nikashusha nyingine, nikajilaza juu ya usukani, na bado nilikuwa natambaa. Mabaharia wa pwani hii wamepanga safari zao kwa kusi na kaskazi kwa karne nyingi, na mimi niliyeishi ufukweni huku miaka 15 sikuwa nimewahi kuujua upepo kwa mwili. Tangu siku hiyo kwenye kusi natoka mapema zaidi, na nguvu zangu nazipima wakati wa kurudi.

Kabla ya kufika Mapinga gurudumu la nyuma likalegea. Pancha. Tyubu ya akiba nilikuwa nayo, spana za kutolea tairi nilikuwa nazo, na pampu ilikuwa bado dukani. Nikasukuma hadi kwa kijana anayetengeneza pikipiki pembeni ya barabara, ana mashine ya upepo. Kabla ya kuweka tyubu mpya nikapitisha vidole ndani ya tairi, polepole, nikakuta waya mwembamba wa chuma, zile nyuzi zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Nikaung'oa kwa meno ya koleo. Tyubu ikaingia. Kichwa cha mashine yake hakikuingia. Tyubu za resi mdomo wake ni mwembamba, wa kufungulia kwa kunyonga kijinati juu, na mashine za pikipiki ni za mdomo mpana. Kuna kipande cha shaba, kidogo kuliko ncha ya kidole, kinachounganisha viwili hivyo. Sikuwa nacho.

Yule kijana hakusema haiwezekani. Aliuchukua mdomo ule, akauangalia, akachukua kile kifuniko chake cha plastiki akakikata ncha kwa wembe, kikawa na tundu. Akafungua kijinati, akakigeuza kifuniko juu chini, akakisokota kwenye mdomo. Akaweka kichwa cha mashine juu yake, akashikilia kwa nguvu kwa vidole viwili. Upepo ukaingia, mwingine ukivuja pembeni kwa mluzi, lakini ukaingia. Aliniambia ndiyo mara yake ya kwanza kuuona mdomo wa namna ile. Alitaka shilingi 500. Nilimpa 5,000, naye akaniuliza kama kweli natoka Tegeta kwa miguu.

Pampu na kipande cha shaba nilivinunua Jumatatu, baada ya vipindi. Kama ningepanga bajeti ile upya ningeiondoa tepu ya usukani na kuibakiza pampu, na kwenye fedha ya kununulia ningetenga sehemu kubwa zaidi kwa ajili ya yanayokuja baada ya kununua. Ningemlipa fundi zaidi. Mengine yote ningeyafanya vilevile.

Septemba ilipofika, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Jumapili ya mwisho, tarehe 28, niliipeleka simu chini ya mwarobaini, tukaiegemeza kwenye beseni la pancha, tukawatazama wanaume wakizunguka vilima vya Kigali na kupanda ile barabara ya mawe ya Kimihurura mara kwa mara, watu wamejaa pande zote mbili. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Fundi hakuwa anamtazama wa kwanza. Alikuwa ananionyesha kwa kidole kila picha ilipotoka pembeni.

"Tazama viti vyao, mwalimu. Hakuna viwili vilivyo sawa."

Desemba baba alikuja kututembelea kutoka Maswa. Ile Phoenix bado anayo, ingawa sasa anaisukuma zaidi kuliko kuipanda. Asubuhi ya pili nilimkuta uani ameiinamia ya buluu, anabonyeza matairi kwa gumba, anatafuta keria haioni, anatafuta kengele haioni. Akaniuliza wanabebea wapi mzigo. Nikamwambia hii haibebi mzigo, baba, inanibeba mimi tu. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akiendelea kuitazama.

"Naweza kuijaribu?"

Nikaishika kiti kwa nyuma. Akapanda kwa kupitisha mguu nyuma kama alivyopanda maisha yake yote, akakaa, akashika usukani juu, pale panaposhikika bila kuinama. Baba ni mrefu kuliko mimi, jambo ambalo huwa nalisahau akiwa Maswa. Nikaisukuma taratibu kuelekea getini, akizungusha pedali nusu mzunguko, na kila mzunguko goti lake likipanda karibu na kifua.

"Miguu inafika, baba?"

"Inazidi," akasema. "Simamisha."

Nikamwacha ameshikilia ukuta, nikaingia ndani kutafuta alenki namba 5.